Mbuzi Saba wa Ami

Nyumbani kwetu, upande wa Konde, kaskazini ya Pemba, kuna kisa ambacho kila mtu mzima anakijua na hakuna anayekisimulia chote, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande kinachomfaa na vilivyobaki ameviacha. Kisa chenyewe ni cha ami yangu, aliyekwenda vitani Uganda akiwa ameshaposewa mchumba hapa kijijini, kisha akarudi na mke kutoka milimani. Wazee wa kiume husema kwamba ni vita vilivyotuharibia ukoo. Wanawake husema kwamba ni yule mwanamke. Mimi nimekaa na kisa hiki tangu utotoni na nina haki yangu ndani yake, kwani mchumba aliyeachwa ndiye mama yangu mzazi, na aliyemwoa baadaye, yaani baba yangu, ni mdogo wake yule yule aliyemwacha.

Babu zangu wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kijiji chetu kiko mgongoni mwa kilima, na nyumba nyingine ziko chini karibu na makonde ya mpunga, kwa hiyo sisi wajukuu tuliwatofautisha kwa makazi yao: baba yake baba alikuwa Babu wa Juu, na baba yake mama alikuwa Babu wa Bondeni. Walikuwa wamegombana kwa miaka mingi juu ya mikarafuu 18 aliyoiacha mama yao. Msomaji asiye wa Pemba huenda akashangaa, lakini kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Babu wa Bondeni alikuwa na ardhi, Babu wa Juu akadai miti, na kila msimu wa kuchuma ulipofika yalitoka maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Ndipo mwaka 1977 walipokaa wazee wakaamua kwamba njia ya kuwapatanisha ni kuwaozesha watoto wao, na mikarafuu ile iwe ya maharusi, isiwe tena ya yeyote kati ya wale wawili. Fatiha ikasomwa. Mama alikuwa na umri wa miaka 17. Nilipomuuliza kama aliulizwa ridhaa yake, alinijibu kwa neno moja: "Nilijulishwa."

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo ninaloliona mimi kuwa kiini cha mambo, ingawa wazee hawalitaji. Kilichovunjika baadaye kilikuwa suluhu ya ndugu wawili iliyopachikwa juu ya kichwa cha msichana, na suluhu ya namna hiyo ilikuwa na ufa tangu siku iliposomewa Fatiha.

Ami alikuwa ameshaingia Jeshi la Wananchi mwaka mmoja kabla ya posa hiyo, naye alipopewa habari aliitikia kama kijana wa zama zile alivyotakiwa kuitikia. Harusi ilipangwa iwe baada ya msimu wa karafuu wa mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, yakaikalia ardhi yote ya kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Kijijini kwetu kulikuwa na redio mbili, na moja ilikuwa ya Babu wa Juu. Bibi husemekana kuwa aliihamishia jikoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya hapo, akawa anapika huku ameiegemeza kwenye mtungi ili asipitwe na taarifa ya habari. Masaka na Mbarara zilianguka mwishoni mwa Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yakawa yamefika mpaka wa Sudan. Kijijini watu walidhani kwamba sasa vijana watarudi. Hawakurudi. Jeshi lilibaki Uganda hadi mwaka 1981, na hiyo miaka miwili ya baada ya ushindi, ambayo haiimbwi katika nyimbo za vita, ndiyo iliyomwoza ami yangu.

Kikosi chake kilielekea magharibi, kikapita Fort Portal, kisha yeye na wenzake wakawekwa njia ya Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori. Alipenda kutusimulia asubuhi yake ya kwanza kule. Aliamka, akatazama juu, akaona wingu jeupe limekaa juu ya mlima, na akasubiri liondoke kama mawingu yanavyoondoka. Siku ya pili lilikuwa pale pale. Siku ya tatu alimuuliza mwenyeji, akaambiwa kwamba lile si wingu, ni theluji. Mtu aliyekulia Pemba, ambako kilima kirefu kabisa mtoto hukipanda na ndoo ya maji kichwani bila kupumzika, huwezi kumlaumu kwa kushindwa kuamini kwamba ardhi inaweza kwenda juu mita 5,109.

Wenyeji wa milima ile ni Wakonjo, wakulima wa kahawa na migomba, ambao nyumba zao ziko juu ya miteremko mikali kiasi kwamba, kwa maneno ya Ami, mtu akianguka shambani kwake huamkia shambani kwa jirani. Nao walikuwa na vita vyao wenyewe. Tangu miaka ya 1960 walikuwa wamejitangazia utawala wao huko juu, walioupa jina la Rwenzururu, wakikataa kuwa chini ya ufalme wa Toro, na jambo hilo halikwisha hadi yalipofanyika makubaliano mwaka 1982. Kwa hiyo askari yeyote aliyepanda mlima ule, awe wa Amin, wa Obote au wa Tanzania, kwa mzee wa Kikonjo alikuwa askari tu. Baba wa yule msichana alikuwa amefanya kazi katika machimbo ya shaba ya Kilembe, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, akawafundisha na wanawe. Hicho Kiswahili cha machimbo ndicho kilichowakutanisha. Msichana alikuwa ameteremka sokoni na maharage, Ami akauliza bei, naye akajibiwa kwa lugha aliyoielewa lakini iliyompotezea kila ngeli aliyoijua.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu mapenzi ya vitani husimuliwa kwa utamu uliopita kiasi. Askari aliyeshinda vita, mwenye bunduki begani, na msichana wa miaka 18 ambaye baba yake anaogopa sare ya kijeshi, hawakusimama mahali pamoja. Kwa miaka mingi jambo hili lilinikereketa kila Ami alipokuwa akisimulia na watu wakicheka. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mkewe, tukiwa wawili tu, kama aliweza kukataa. Hakukasirika. Alinijibu: "Siku ya kwanza nisingeweza. Alipokuja nyumbani aliacha bunduki kwa mwenzake huko chini, akapanda mikono mitupu, na kule kupanda peke yake alikokuwa anahema kama ng'ombe. Baba akasema, huyu ama ni mjinga ama ana adabu. Mimi nikasema ni mjinga." Kisha akaongeza kwamba alimjia mara sita kabla ya kukubaliwa, na kwamba katika mara hizo sita alimpima kwa jambo moja tu, nalo ni kama angemleta tena yule mwenzake na bunduki. Hakumleta.

Baba yake alitaka mbuzi 12, kwa desturi ya kwao. Ami alikuwa na mshahara wa askari na redio ndogo. Aliiuza redio, akanunua mbuzi watano, akawapandisha mlimani mwenyewe, na mbele ya wazee wa Kikonjo akaahidi kwamba saba waliobaki atawaleta. Msichana akasilimu katika msikiti mmoja wa Kasese, imamu akawaozesha, na baba yake hakuteremka.

Barua ilifika kwetu mwaka 1980. Babu wa Juu alikuwa msomi wa hati za Kiarabu, Kiswahili chake chote alikiandika kwa hati hizo, na barua ya hati za Kizungu ilimbidi asomewe. Aliyemsomea alikuwa baba yangu, kijana wa miaka 19 aliyekuwa bado skuli. Baba anasema barua ilikuwa ukurasa mmoja. Nusu yake ilikuwa salamu, akitajwa kila mtu kwa jina lake, hata wafu wakiombewa, na yeye akisoma alikuwa ameshaona kwa jicho la pembeni kilichoandikwa chini, akawa anaburuza zile salamu ili asikifikie. Alipofika kwenye "nakuomba radhi, baba, nimeoa", alinyamaza. Babu akasema: "Soma." Akasoma. Babu akamwambia airudie, akairudia, kisha akamwambia amtajie tarehe tu. Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma. Babu akachukua bakora yake, akatoka, akateremka bondeni kwa ndugu yake kumpa habari mwenyewe kabla haijamfikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Nimewahi kumlaumu Babu kwa mengi, lakini kwa ule mteremko alioushuka jioni ile sikumlaumu kamwe.

Walichozungumza hakuna anayekijua. Usiku huo mwanamke mmoja wa bondeni alipandisha sinia lililofunikwa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na kila kilichokuwa kimepelekwa kwa uchumba: kanga doti mbili, pete, na chupa ya manukato iliyokuwa haijafunguliwa. Kuanzia kesho yake Babu wa Bondeni akawa anasali katika msikiti wa kijiji cha pili, mwendo wa nusu saa kwa miguu, mzee aliyekuwa na maumivu ya magoti. Wakati huo huo nchi nzima ilikuwa imeambiwa ijifunge mkanda kwa miezi 18 ili kulipia gharama za vita, sabuni na sukari zikawa za kutafutwa kwa foleni, na miezi hiyo ilipokwisha mkanda haukufunguliwa. Bibi alikuwa akisema kwamba taabu ya sukari ilimsaidia, kwa sababu iliwapa watu jambo jingine la kuzungumza.

Walifika mwezi wa Julai 1981. Walisafiri kwa lori hadi Bukoba, kwa meli ya Victoria hadi Mwanza, kwa treni hadi Dar es Salaam, kisha kwa meli hadi Unguja na Mkoani. Bi Mganda, kama kijiji kilivyomwita tangu siku hiyo ingawa yeye kila mara alisema "mimi Mkonjo", alikuwa ameliona ziwa akadhani ndiyo bahari, na alipoiona bahari yenyewe akakataa kuitazama. Waliingia kijijini mchana wa Ramadhani. Alikuwa na miguu iliyovimba kwa safari, blanketi la jeshi ambalo hakukubali kulivua mabegani katika joto la Pemba, na saumu ya kwanza ya maisha yake, ambayo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba msafiri ana ruhusa ya kuiacha.

Wanawake walijaa uani kumtazama. Mama yangu naye alipanda kutoka bondeni. Nimemuuliza mara nyingi alikwenda kufanya nini, na jibu lake halibadiliki: "Nilitaka kumwona." Bibi, ambaye hakujua aanze wapi na mkwe aliyeletewa kwa barua, aliona afadhali ampe kazi, kwani futari ilikuwa inasubiri, akamwambia: "Chukua mbuzi ukune nazi." Bi Mganda akasimama. Akatazama huku na huku uani. Akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akawakuta mbuzi wawili wa Bibi wamefungwa chini ya mfenesi, akamfungua mmoja, akaja naye hadi mlangoni akimvuta kwa kamba, na kwa Kiswahili chake cha Kilembe akauliza: "Mbuzi iko hapa. Nazi iko wapi?"

Kicheko kilichotoka uani siku hiyo bado kinasimuliwa katika kijiji chetu na vya jirani. Wapo waliocheka hadi wakakaa chini. Yeye alibaki amesimama na kamba mkononi, mtu ambaye kwao mbuzi ni heshima ya binti, ambaye baba yake alikuwa amemtoa kwa mbuzi watano na ahadi, na sasa anachekwa kwa ajili ya mbuzi katika nyumba ya mumewe. Mama anasema kwamba hakucheka, na mashahidi wawili wamenithibitishia. Aliingia jikoni, akatoka na mbuzi ya kukunia nazi, akaiweka chini, akakaa juu yake mbele ya watu wote kama msichana anayefundishwa kwa mara ya kwanza, akaishika nusu ya nazi kwa viganja viwili na kuanza kuizungusha polepole kwenye meno ya chuma ili mwenzake aone kwamba unaanzia ukingoni na kuingia ndani, na kwamba ukifika kwenye kifuu unaacha, usije ukapata tui jeusi. Kisha akainuka akampisha. Uani pakawa kimya. Bi Mganda alikuna nazi ile hadi akajikata kidole, na hakuna aliyemwambia aache.

Sijui nifanye nini na picha hiyo. Watu wengine wa ukoo huisimulia kama ushahidi wa upole wa mama, naye mwenyewe huwakatiza. Aliniambia siku moja tukiwa tunachambua karafuu, vidole vyake vikitenganisha kikonyo na ua bila ya yeye kutazama, kwamba hakuwa na upole wowote siku hiyo. Alikuwa ameona aibu. Watu wote wale walikuja kumtazama Bi Mganda kwa jicho moja na kumtazama yeye kwa jicho la pili, na kicheko kile kilimwonyesha kwamba katika uwanja ule walikuwa wamewekwa wawili. Ami mwenyewe alikuwa barazani na wanaume.

Babu wa Juu hakumfukuza mtu. Alichofanya ni kuuliza swali la kisheria, na alilishikilia kama mtu aliyezama anavyoshikilia ubao: nani alikuwa walii wake, yaani mwenye haki ya kumwozesha? Alijua vyema kwamba kuoa mwanamke wa Kitabu si haramu, na kwamba huyu zaidi ya hayo alikuwa amesilimu, kwa hiyo mlango wa dini alikuwa hana wa kuufunga. Lakini mwanamke Mwislamu baba yake asiye Mwislamu hawezi kuwa walii wake, na pasipo walii wa nasaba ni hakimu anayesimama, na je, imamu wa Kasese alikuwa kadhi au alikuwa mwalimu wa watoto? Ami hakuweza kujibu. Ikaamuliwa kwamba waende kwa Kadhi wa Wete nikahi ifungwe upya kwa tahadhari, na hadi siku hiyo Bi Mganda alale chumba cha Bibi. Zilikuwa siku 11. Ami alikuwa akilalamika hadi uzeeni kwamba alipigana vita vizima bila kutenganishwa na mkewe, akaja kutenganishwa naye na babake kwa ukuta wa udongo.

Swali la walii lilipojibiwa, Babu alikuwa hana tena cha kushikilia. Hakuwahi kumwita mkwewe kwa jina hadi alipokufa mwaka 1988. Akitaka maji alisema, "Mwambieni yule mtu wa mlimani." Lakini maji aliyanywa.

Yalibaki ya bondeni. Ugomvi wa mikarafuu ulikuwa umerudi na nguvu mpya, na wazee walewale wa mwaka 1977, kwa kukosa fikra nyingine, wakaleta dawa ileile: kama wa kwanza ameharibika, yupo wa pili. Baba yangu akaulizwa. Yeye husema kwamba alikubali kwa sababu ndiye aliyeisoma ile barua, na kila alipopita bondeni alihisi kama ameiandika yeye. Mama, safari hii, aliulizwa pia, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa faida pekee ya hakika iliyotokana na mkasa mzima. Aliomba siku tatu, akakubali siku ya nne. Walioana mwaka 1982, na Babu wa Bondeni akarudi kusali msikiti wa kijijini.

Katika sanduku la mama mlikuwa na foronya sita alizozidarizi kwa ajili ya harusi ile ya kwanza. Kila moja ilikuwa na maua pembeni na katikati herufi ya kwanza ya jina la bwana harusi. Kitambaa cheupe kizuri kilikuwa hakipatikani wakati ule kwa fedha wala kwa bahati, kwa hiyo hakuweza kuzitupa. Alikaa na sindano akafumua uzi wa ile herufi, mshono kwa mshono, katika foronya zote sita, akadarizi juu yake herufi ya baba. Lakini matundu ya sindano hayazibiki, na herufi mbili hizo hazina umbo moja. Nimelalia foronya hizo utotoni. Asubuhi, nuru ikipita kwenye kitambaa, ilionekana herufi ya baba kwa uzi mwekundu na nyuma yake nyingine ya vitundu tu, nami nilidhani ni namna ya urembo.

Nyumba zetu mbili zilikuwa uani pamoja. Ami aliacha jeshi, akalima, akavua, wakapata watoto wanne. Bi Mganda alijifunza kukuna nazi kuliko wengi waliomcheka, ingawa Kiswahili chake kilibaki na "iko" zake, na sisi watoto tulizichukua tukapigwa skuli kwa ajili yake. Barua za kwao zilikuwa zikija mara moja kwa mwaka, kisha mwaka 1996 zikakatika. Waasi wa ADF walikuwa wameanza mashambulizi upande wa Kasese na milima ile, na watu wa miteremko walikuwa wakiteremka kukimbia. Ikawa zamu yake sasa kuhamishia redio jikoni. Nilikuwa na miaka 12, na ninakumbuka jioni zile vizuri kuliko chochote: Bi Mganda amekaa kwenye kigoda, sikio limegusa redio, akitafuta idhaa inayotaja jina la Kasese, na mama amekaa upande wa pili wa moto, hasemi neno, anachochea kuni zisizohitaji kuchochewa. Walikaa hivyo miezi mingi. Habari kwamba nduguze walikuwa hai ilimfikia baada ya miaka mitatu. Baba yake hakuwa miongoni mwao, ingawa yeye alikufa kwa maradhi na si kwa vita.

Ami alifariki mwaka 2017. Bi Mganda akakaa eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba yetu, na aliyemhudumia, akampelekea maji ya kuoga na kumwekea ubani, ni mama. Eda ilipokwisha akasema anataka kwenda kwao, kuona na kurudi, kwani hakuwahi kwenda tangu atoke. Kabla ya safari akaomba wakubwa wa ukoo wakae, na mbele yao akasema jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tukilijua: kwamba wako mbuzi saba ambao mumewe hakuwalipa, na kwamba kule kwao yeye bado ni binti ambaye hajaolewa kwa ukamilifu, mama wa watoto wanne na mjane.

Kikao kiligawanyika. Wako waliosema kwamba mahari ya kisheria ni haki ya mke, na mbuzi wa baba mkwe ni mila ya watu tu, wala haiingii katika deni la maiti. Mwingine akasema kwamba mbuzi wa mwaka 1980 hawalipwi kwa bei ya leo, na mjadala ukataka kuhamia kwenye bei. Baba, ambaye si msemaji, akasema kwamba kaka yake aliahidi mbele ya watu, na kwamba yeye katika maisha yake ameshawahi kutimiza ahadi moja ya kaka yake na haikumdhuru. Nilimtazama mama aone haya, au acheke. Alikuwa ameshainuka. Alirudi na fedha za karafuu zake, za ile mikarafuu 18, akazihesabu juu ya jamvi mbele ya wote, akamkabidhi mwenzake, akamwambia azishone ndani ya sidiria asije akaibiwa kwenye basi.

Baada ya wiki tatu picha ilifika kwenye simu yangu. Mbuzi wamefungwa kwenye mgomba, nyuma yao ukungu, na wazee wa Kikonjo wamesimama na makoti yao, hakuna anayetabasamu. Nilimpa mama simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaipeleka huku na huku, midomo ikihesabu, kisha akahesabu tena tangu mwanzo.

"Sita," alisema. "Mpigie. Muulize wa saba yuko wapi."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje. Kulikuwa na kelele za watu wengi na ngoma kwa mbali, na Bi Mganda akapaza sauti kutoka juu ya mlima wake: "Mbuzi ya saba tumeshaikula!"